Miaka Minane Upande wa Kulia

Mtu anayekwenda kumwona bibi yake habebi viatu vya kutelezea barafuni. Wiebke alilijua hilo, ndiyo maana alikuwa ameuficha mfuko wa viatu chini ya koti lake refu la rangi ya haradali huku akipenya umati wa kituo kikuu cha Berlin, Ijumaa asubuhi, kila mtu na sanduku lake na haraka yake. Na mtu anayekwenda Rostock kumsaidia kaka yake kuhama nyumba hapandi treni ya Dortmund. Falk naye alilijua hilo. Lakini wakagongana uso kwa uso kwenye jukwaa namba kumi na mbili, mwanamume kashika mkate wa brezel ulioumwa, viatu vyake vya barafu vinaning'inia begani waziwazi, hata aibu ya kuvificha hana.

Wakatazamana.

"Bibi hajambo?" Falk aliuliza.

"Na kaka yako? Kahamia Dortmund?"

"Ndiyo. Ghafla tu, leo asubuhi."

"Mwongo mkubwa wewe!"

"Nimejifunza kwa bingwa."

Walikuwa wameteleza pamoja miaka minane, na mitano kati ya hiyo walikuwa wakiishi pamoja, ghorofa ya nne, nyumba yenye jiko dogo na jirani mkorofi. Watu waliwaita wapenzi wa barafu. Lakini mwezi uliopita, kwenye mashindano ya dunia, Falk alianguka mara mbili katika ile miruko ambayo wawili huruka bega kwa bega, wakaishia nafasi ya kumi na moja. Tangu siku hiyo nyumbani yalizungumzwa mambo mawili tu, maziwa na takataka.

Olimpiki ilikuwa imebakiza miezi ishirini. Wiebke alikuwa na miaka ishirini na sita, na goti lake lilishamwambia kwamba nyingine haitakuwepo. Alihitaji mwenza asiyeanguka. Tatizo lilikuwa kwamba katika mchezo ule ukibadilisha mwenza wa barafuni, wa nyumbani naye hufungasha. Wiebke angeweza kukuhesabia jozi sita alizozijua, na hakuna hata moja iliyosalimika. Kwa hiyo hakumwambia Falk kwamba anakwenda kwenye majaribio. Kumbe mwenzake naye alikuwa na ya kwake.

Kibaya zaidi, tiketi zote mbili zilikatwa na Kocha Quandt wa Dortmund, mwanamke asiyepoteza muda kwa ajili ya aibu za watu. Viti vilikuwa vinaangaliana.

"Unakwenda kujaribu na nani?" Wiebke aliuliza treni ilipoanza kuondoka.

"Tabea. Wewe?"

"Jannes."

"Jannes! Yule mwenye mabega kama mlango wa kanisa?"

"Angalau mlango hauanguki."

Lilimwingia. Falk aligeuza uso dirishani na kuacha kutafuna. Wiebke aliona kwamba amemuumiza, akaliacha neno lilale pale pale, maana hasira ilikuwa bado haijamtoka.

"Ana miaka mingapi huyo Tabea?"

"Kumi na tisa."

"Mtoto huyo."

"Mtoto asiyenipigia kelele."

"Mpe wiki moja akujue."

Simu ikalia. Alikuwa mama yake Wiebke. "Mwanangu, umeshafika kwa bibi?"

"Bado, mama. Niko njiani."

"Peke yako? Falk umemwacha wapi?"

Kabla Wiebke hajatunga kitu, mkono ulivuka meza na kumnyang'anya simu. "Niko hapa hapa, mama. Tunakwenda wote. Naam, amekula. Amevaa soksi nzito, ndiyo. Haya mama, bibi tutamsalimia." Akaikata na kuisukuma mezani.

"Nani kakuomba unitetee?"

"Nimemtetea mama, si wewe. Ana presha."

Dortmund walishuka kila mmoja kwa mlango wake.

Kocha Quandt aliwapokea ukingoni mwa barafu, kofia nyekundu ya sufu kichwani, mikono mifukoni. "Hamkuuana njiani? Vizuri. Wiebke na Jannes, ingieni."

Hapa msomaji ajue jambo moja. Watelezaji wengi wakiruka huzungukia kushoto. Wiebke ni wa wale wachache wanaozungukia kulia, na jozi haiendi kama kila mmoja anazungukia kwake. Msichana wa kulia anaweza kukaa miaka akimsubiri mwanamume wa kulia. Yeye alisubiri miwili, mpaka Falk alipotokea Berlin na kusema kwamba naye ni wa kulia. Jannes alikuwa wa kulia kwa kuzaliwa.

Ukweli usemwe, walipendeza. Jannes alimnyanyua mpaka Wiebke akaziona taa za darini kwa karibu kuliko siku zote. Alipomrusha, Wiebke alizunguka mara tatu hewani akiwa na nafasi ya kuwaza, akatua mguu mmoja na kuteleza mbali sana, mpaka akadhani ukuta umesogea. Furaha ilimjaa, na aibu ikaja nyuma yake. Akatafuta uso wa Falk pale ukingoni. Falk alikuwa akipiga makofi na glovu zake. Afadhali angetukana.

"Sasa nyie wawili," kocha aliita.

Tabea alikuwa mwembamba, sweta la kijani, nywele kazibana hadi nyusi zimepanda. Yeye alikuwa wa kushoto, kama walimwengu wengi. Wiebke aliegemea ubao wa ukingoni akasubiri kuona Falk akianguka. Alisubiri kwa hamu, tusimsafishe. Mwanamume wa kulia na msichana wa kushoto, wataanzia wapi?

Falk akachukua kasi. Wakaruka pamoja. Wakazungukia kushoto wote wawili, mara tatu, wakatua pamoja bila hata kelele. Wakarudia. Wakarudia tena. Falk aliruka juu kuliko Wiebke alivyowahi kumwona akiruka, bega limelegea, uso umetulia, kama mtu aliyevua kiatu kilichokuwa kikimbana.

"Kajifunza lini?" Wiebke aliuliza.

"Kujifunza nini?"

"Kuzungukia kushoto!"

Kocha Quandt alimgeukia. "Falk nimemfundisha tangu ana miaka saba, kwenye barafu hii hii. Kushoto ndiko kwake. Kulia alikwenda kujifunza ukubwani, aliposikia kuna msichana Berlin anayesubiri mwenza. Nilimkataza. Mwaka mzima alikuwa akianguka, magoti yamevimba kama viazi. Hakukwambia?"

Wiebke aligeuza macho barafuni. Alikuwa akikumbuka kila mahali alipomzomea. Moscow. Graz. Mbele ya waamuzi. Mbele ya mama yake.

Alimngoja kwenye ujia, kando ya mashine ya kahawa.

"Mshenzi wewe!"

"Nimefanya nini tena?"

"Miaka minane, Falk!"

Falk akashusha pumzi. "Quandt ana mdomo."

"Nakuita mzigo miaka yote hiyo, nawe kimya? Umenifanya mchawi!"

"Ungejua ungefanyaje?"

"Ningekuacha, nikatafute wa kulia!"

"Basi. Si umejijibu?"

"Usinifanyie utakatifu hapa."

"Utakatifu gani? Nilitaka medali, na wewe ulikuwa bora kuliko wote. Baadaye nikakupenda, nikawa nimeshakwama. Kila ulipokuwa unanizomea nilikuchukia, Wiebke. Kweli tupu. Nilikuchukia mpaka jikoni, ukinipikia zile dengu zako."

"Dengu zangu zina kosa gani?"

"Zinahitaji chumvi. Miaka mitano sasa."

Wiebke alitaka kumpiga, kicheko kikamtoka, na machozi yakafuata njia hiyo hiyo. Falk akasogea karibu.

"Niambie nirudi," alisema taratibu. "Sema tu, kipenzi. Leo hii tunapanda treni. Nitazungukia kulia mpaka Olimpiki."

Maneno hayo Wiebke alikuwa ameyasubiri mwezi mzima.

"Utaanguka," alisema.

"Huenda."

"Utaanguka, nitakuzomea, nawe utanichukia. Hapana, Falk. Nasaini na Jannes. Na wewe baki huko kwenu kushoto."

Rangi ilimtoka Falk usoni. Aliingiza mkono mfukoni, akatoa funguo za nyumba, akazinyoosha mbele. Hakuwa na hasira tena, na hilo ndilo lililomtisha Wiebke.

"Zirudishe mfukoni!"

"Wiebke, tunajua inavyokuwa. Hakuna jozi iliyobaki. Nitajie moja tu."

"Sina ya kukutajia. Nioe."

"Nini?"

"Umesikia. Sirudii."

"Hii ni posa au ugomvi?"

"Chukua unachokiweza."

Falk aliziangalia funguo, akamwangalia yeye. "Kila Desemba tutakutana kwenye ubingwa wa taifa. Nitakuombea uanguke."

"Mimi nitakuombea uanguke vibaya zaidi. Jibu!"

"Ndiyo," alisema Falk. "Ndiyo, mwanamke wewe. Ndiyo." Akazirudisha funguo mfukoni, akambusu kwa pupa, na mashine ya kahawa ikamgonga Wiebke kisogoni.

"Falk!" Kocha Quandt alipaza sauti kutoka barafuni. "Tabea anapoa misuli!"

Wiebke alimfuata mpaka ukingoni. Falk aliingia barafuni, akanyoosha mkono wa kulia bila kutazama, kama alivyonyoosha kila asubuhi kwa miaka minane, na Tabea akaushika. Mkono ule. Wiebke aliushika ubao kwa nguvu. Iliuma kuliko alivyokuwa amejiandaa. Angeweza kwenda kubadili nguo. Angeweza kumpigia mama simu.

Alibaki. Wakapita mbele yake kwa kasi wakielekea kwenye mruko, na sauti ikamtoka kabla hajaizuia.

"Inua bega hilo, mjinga wewe! Unamwonea mtoto wa watu!"

Falk hakugeuka, lakini bega aliliinua.