Neno la Mama Mbele ya Watu

Kijiko kiligonga kikombe cha bati. Ti, ti, ti. Nyawira alishusha miguu kwenye sakafu baridi kabla jogoo wa jirani hajawika. Mama yake, Wangui, hakupenda kuita kwa sauti. Tangu saratani iingie kwenye mifupa aligonga kijiko tu, polepole, kama mgeni anayebisha hodi.

"Nimekuamsha tena, mami," Wangui alimwambia binti yake.

"Nilikuwa macho," Nyawira alidanganya. Akamgeuza, akampaka mafuta mgongoni.

"Hii blanketi inanikwaruza."

"Leo nitakutafutia laini."

Kulipopambazuka, shangazi Shiro alikuja kushika zamu, na Nyawira akatoka Mukurweini kurudi chuoni Nyeri. Alikuwa mwaka wa mwisho wa uuguzi katika chuo kimoja cha Kikristo nje kidogo ya mji. Kabla ya masomo alipitia sokoni.

Sehemu ya mitumba ilikuwa imefurika. Wauzaji walipiga kelele juu ya marundo, na ukungu ulikuwa bado umelalia mabati. Nyawira, katika sketi ndefu ya kijivu na sweta ya maruni, aliona blanketi ya kahawia, laini kama manyoya ya kifaranga. Aliivuta. Haikuja.

"Dada, wachilia. Mimi ndio nimeshika kwanza," alisema kijana mrefu upande wa pili. Koti lake lilikosa kifungo, lakini viatu vilikuwa vimepigwa rangi vikang'aa katikati ya matope.

"Umeshika kona. Mimi nimeshika blanketi."

"Ati kona?"

"Oaneni basi, mlale nayo nyote!" muuzaji akapaza sauti, na watu wakacheka.

Kijana aliona haya. "Ni ya nani?" akauliza kwa sauti ya chini.

"Ya mama. Ni mgonjwa."

Aliiachilia papo hapo. Kisha akaichukua tena, akaikung'uta vumbi, akaikunja vizuri na kumwekea mikononi. "Mimi natoka Meru," alisema. "Baridi tunajuana nayo."

Mchana huo Nyawira aliingia kwa mara ya kwanza katika Darasa la Heshima, na aliyekuwa ameketi karibu na dirisha ni yule yule.

"Wewe!"

"Mimi wa kona," kijana akajibu. "Naitwa Miriti. Nasomea theolojia."

Darasa la Heshima lilichukua wanafunzi wachache wenye bidii kutoka kila idara, likawachanganya wawili wawili. Kila jozi ilichagua swali moja na kulitazama kwa macho ya masomo mawili. Mwisho wa mwaka walisimama kanisani mwa chuo mbele ya walimu na wageni, na hapo ndipo ugumu ulipokuwa: mtu hakutetea kazi yake. Alitetea ya mwenzake. Mwalimu wao, Dakta Wamae, mama mfupi mwenye sauti ya upole, alisema hakuna njia nyingine ya kujua kama umemsikiliza mtu.

Aliwaweka pamoja Nyawira na Miriti. Swali walilochagua lilikuwa hili: mtu asiyepona anahitaji nini?

Swali hilo liliwaleta karibu haraka. Jioni moja Miriti alipiga simu.

"Daktari wangu, umekula?"

"Mimi ni nesi, pasta. Na wewe umekula nini, hasira? Si nyinyi Wameru ndio mnawaka kama kiberiti?"

"Leo nimekula waru, viazi vyenu Wakikuyu, nifanane na wewe."

"Wacha ujinga, mpenzi," Nyawira alisema, kisha akakata simu haraka.

Siku za Jumamosi Miriti alianza kuja Mukurweini. Aliosha vikombe bila kuambiwa. Alimkatia Wangui ndizi vipande vidogo ili asichoke kutafuna. Alikaa kando ya kitanda ili Nyawira alale kidogo, na Nyawira alipoamka aliwakuta wakizungumza chini chini, kisha wananyamaza.

"Mnanisengenya?"

"Sana," mama alisema. Alicheka, lakini mkono wake ulikuwa umeshika mkono wa Miriti kwa nguvu.

Nyawira hakuchunguza zaidi. Alikuwa akipigania maisha ya mama yake. Kila dawa mpya aliyosoma habari zake aliitafuta. Alikuwa amepanga safari nyingine ya hospitali, ingawa ile ya mwisho ilimrudisha mama akitapika hadi machozi, na kila wiki alialika kikundi cha kanisa kije kuombea uponyaji.

Siku ya utetezi mvua ilinyesha tangu asubuhi. Nyawira alivaa gauni la buluu. Miriti alikuwa na tai ya kuazima, nayo ilikaa upande, Nyawira akamnyooshea.

"Usinichekeshe huko mbele," Miriti alinong'ona.

"Usinisahaulishe."

Miriti alitangulia. Alieleza uuguzi wa Nyawira vizuri: maumivu, vidonda vya kulala, namna ya kumgeuza mtu. Kisha mwalimu mmoja mgeni akauliza, "Hayo ni ya vitabuni. Wewe umewahi kumsikia mgonjwa mwenyewe akisema anachohitaji?"

Miriti alisita. Akamtazama Nyawira, akatazama sakafu.

"Ndiyo. Kuna mama mmoja aliniambia amechoka na hospitali. Anataka kufia kwake, kitandani kwake. Watu wakija kuomba apone, anasema amina, lakini moyoni anawaombea waende nyumbani. Na hawezi kumwambia binti yake, kwa sababu binti yake bado hajamruhusu kuondoka."

Zamu ya Nyawira ilipofika alisimama, akaacha karatasi zake kitini. Alitembea hadi mlangoni, akatoka kwenye mvua. Dakta Wamae alimfuata na mwavuli. Alisimama naye tu mpaka alipomaliza kulia, bega lake mwenyewe likilowa.

Miriti aliwakuta hapo. "Nyawira, nisikilize."

"Mama yangu si mfano wa darasa."

"Sikutaja jina."

"Umemvua nguo mbele ya watu, Miriti! Usinipigie. Usije kwetu."

Miriti alipiga hata hivyo. Simu iliita na kuita mezani, na Nyawira akaigeuza kifudifudi. Jumamosi ilipita bila mgeni. Jumapili Nyawira alikuwa nyumbani akiandaa mizigo ya hospitali. Hakumwambia mama lolote kuhusu yale ya kanisani. Alikuwa anapanga kanga za mama ndani ya mkoba aliposikia mama akiongea kwenye simu ya shangazi.

"Kijana, mbona umenikimbia? ... Amekukataza? Yeye si mimi. Wewe njoo." Kisha akaita, "Nyawira. Kaa hapa. Miriti amekosa nini?"

Nyawira alimweleza. Wangui alifumba macho.

"Mimi ndiye nilimtuma."

"Alisema kanisani, mama! Mbele ya watu!"

"Hapo alikosea. Nilimwambia akuambie polepole, mkiwa nyinyi wawili tu. Alishindwa. Kila akija ananiambia, mama, leo nimeogopa."

"Na mbona hukuniambia mimi?"

"Nilijaribu, mami. Nikisema nimechoka, unaongeza dawa. Nikisema naumwa, unaita kanisa." Alipumua kwa shida. "Umenitunza vizuri. Sasa niache nikae."

Nyawira aliweka uso kwenye shuka na kulia. Mkono wa mama, mwepesi kama jani kavu, ulipita nyweleni mwake. Baadaye aliinuka, akaanza kutoa kanga mkobani, moja moja, na kuzirudisha kabatini.

Miriti alifika alasiri kwa bodaboda, suruali imejaa matope hadi magotini. Alisimama kizingitini.

"Nimekuja kusema pole. Si kwa neno lenyewe. Ni kwa mahali nilipolisema. Niliogopa macho yako, nikaenda kulisema mbele ya watu nisiowajua."

"Ungeniogopa hivyo hivyo, na bado uniambie," Nyawira alisema. "Ndio mapenzi, Miriti. Si kuniletea ndizi."

"Najua sasa."

"Vua viatu. Unachafua nyumba."

Hakuna aliyeomba uponyaji siku hiyo. Miriti alimwinua Wangui, Nyawira akampa chai kwa kijiko, na mama akasimulia alivyochumbiwa kwenye foleni ya kiwanda cha kahawa. Akasinzia katikati ya maneno.

Nyawira alimsindikiza Miriti hadi getini. Migomba ilidondosha maji. Dakta Wamae alikuwa amewaruhusu kurudi kumalizia utetezi mwezi ujao.

"Nesi wa kliniki anasema labda ni wiki chache," Nyawira alisema. "Labda hata hazitafika."

Miriti alimshika mkono, naye hakuuondoa.

"Sijakusamehe yote."

"Nitangoja."

Boda iliyokuja kumchukua ikawashwa. Nyawira alishika usukani ili isiondoke.

"Uje Jumamosi," alisema. "Na kama utamkosa... uje tu, Miriti. Uje unione mimi."