Shingo Thelathini na Mbili

"Umewachinja!" Kamaludin alisema. "Wote, Swabaha! Hata huyu chozi mdogo hukumhurumia!"

"Nimewakata kwa mstari tu. Nilishika brashi, sikushika kisu."

"Mstari tu?"

"Ndiyo, mstari tu. Na usinipigie kelele, mamako yuko hapo ngazini."

"Asikie! Mtaa mzima na usikie!"

Swabaha alikuwa amesimama pembeni mwa chumba, buibui la mamake limemwangukia mabegani, vidole vya mkono wa kulia vimetapakaa rangi nyeusi. Mbele yake, mezani, mkekani na juu ya kila kiti, zilikuwa zimepangwa picha za ndege wa pwani: chozi, mdiria, kurumbiza, mnana, hondohondo, membe. Zilikuwa thelathini na mbili. Kila ndege alikuwa na mstari mweusi, mnene kama uzi wa kushonea gunia, umempita shingoni kutoka upande mmoja hadi wa pili.

Kamaludin alikuwa mwalimu wa shule kule Ganjoni, na mchumba wake wa miaka miwili. Asubuhi ile alitoka kwa saa moja tu, akaenda posta. Bado alikuwa ameishika mkononi telegramu ya wachapishaji aliyoifuata.

"Soma," akamwambia, akimsukumia karatasi. "Soma kwa sauti."

Swabaha akasoma. "Tunangoja picha zote za ndege Alhamisi asubuhi. Kitabu kinaingia mtamboni Jumatatu."

"Leo siku gani?"

"Jumatano."

"Gari la moshi laondoka lini?"

"Jioni."

"Basi nambie, watu wa Nairobi niwapelekee nini? Mizoga?"

"Kamaludin, na Ijumaa ni keshokutwa!" Sasa na yeye alipaza sauti. "Baba alikwambia wiki mbili zilizopita, mimi niko nyuma ya mlango nasikia. Maua chora, miti chora. Vyenye roho, hapana. Na hao uliokwisha kuwachora uwakate shingo kwa mstari, wasihesabike wazima, la sivyo haozeshi mtu. Wewe ukajibu nini? 'Nimesikia, Maalim.' Tangu siku hiyo kimya! Natuma mtu kukuuliza, kimya! Ulitaka nikae nipakwe hina huku nangoja kuachwa?"

"Nilikuwa na shauri langu."

"Shauri gani?"

"Leo jioni picha zingekuwa garini. Kesho ningekwenda kwa babako nimwambie, Maalim, hazimo tena mikononi mwangu, na kuanzia leo sichori ndege. Angekosa la kusema."

"Mbona hukuniambia?"

"Kwa sababu wewe hujawahi kumficha babako kitu."

Ilikuwa kweli, ndiyo maana ilimuuma.

Bi Mwanakuu, mamake Kamaludin, akachungulia mlangoni, ungo wa mchele kiunoni. "Mimi nilidhani anazipangusa vumbi," alisema kwa unyonge. "Nikasema moyoni, mkwe wangu huyu hodari, hajaolewa ashaanza usafi."

Kamaludin aliinama mezani, akaokota mrija wa bati uliokuwa umebinywa mpaka mwisho.

"Rangi hii ndiyo uliyotumia?"

"Ilikuwa hapo juu."

"Hii ni akriliki, Swabaha. Nimeletewa kwa meli niijaribu kwenye vibao vya maduka. Ikikauka, imekauka mpaka Kiyama. Na hizi hapa," akagusa kisanduku cha vidonge vya rangi, "ni rangi za maji. Ndizo nilizochorea ndege. Ungechovya hapa ningeweza kuosha mstari wako nikautoa. Zote mbili zilikuwa karibu na mkono wako."

"Jaribu. Nakuomba, Kamaludin, jaribu."

Akamtazama, kisha akachovya brashi safi katika gilasi ya maji na kuipitisha polepole kwenye shingo ya chozi. Zambarau iliyokuwa iking'aa kifuani ikaanza kulegea. Ikageuka maji machafu, ikateremka juu ya karatasi. Kamaludin akasugua tena. Mdomo uliopinda ukafutika, jicho likafutika.

Ndege alitoka. Mstari ukabaki.

"Mwaka na nusu," alisema bila kuinua uso. "Huyu mdiria nilimngoja asubuhi tatu kwenye mikoko, matope hadi hapa. Nenda nyumbani, Swabaha. Mwambie babako amepata alichotaka."

"Kamaludin..."

"Nenda."

Swabaha aliokota picha ya kurumbiza, akaificha ndani ya buibui, akashuka ngazi.

*

Kwa kawaida bibi harusi wa Ijumaa haonekani njiani Jumatano. Swabaha aliivuka barabara ya Ndia Kuu akiwa amefunika uso, akiinamisha kichwa kila apitapo mtu. Alijua amefanya kosa kubwa. Lakini kosa lile lilikuwa na faida moja, na hiyo alikuwa ameishikilia kwa kucha: sharti limetimia. Kamaludin atakasirika mwezi, atakasirika mwaka, lakini watakuwa wameoana. Hasira ya mume hutulizwa nyumbani.

Babake, Maalim Athmani, alikuwa ametoka msikitini kwa sala ya adhuhuri, ameketi sebuleni. Mkewe, Mwanabaraka, alikuwa akikunja nguo za harusi.

"Watoka wapi, wewe?" mama alishtuka. "Nimekutafuta hadi juu darini!"

"Kwa Kamaludin."

"Siku mbili kabla ya nikahi? Wataka tusemwe?"

Swabaha alipiga magoti. Akaiweka picha juu ya mkeka, mbele ya babake.

"Baba, wamekatwa wote thelathini na mbili. Sharti lako limetimia. Nataka unitolee neno sasa hivi, kwamba Ijumaa utaniozesha."

Maalim akavaa miwani. Aliishika picha kwa pembe zake, akaitazama kwa muda mrefu. Swabaha alitarajia kuona ameridhika, lakini alichokiona kwenye uso wa babake kilikuwa woga.

"Amekata yeye?"

"Nimekata mimi."

"Sharti nilimpa yeye. Sikukupa wewe."

"Ulisema wakatwe. Hukusema kwa mkono wa nani."

"Yako mambo mengine ya kutazamwa, Swabaha."

"Yapi?"

"Tabia. Kazi. Mtu mwenye..."

"Miaka miwili hukuyaona, wayaona leo?"

Maalim akavua miwani, akaifuta kwa ncha ya kanzu. Aliifuta mno.

"Mwambie, Maalim," Mwanabaraka alisema, "au nimwambie mimi?"

"Mwanabaraka, nyamaza."

"Nimenyamaza mwezi mzima, na usiku silali. Swabaha, babako alishakubali posa ya Badawi."

"Badawi yupi?"

"Mwana wa ammi yako. Kwani wako wangapi?"

"Posa ya lini? Mimi naolewa Ijumaa!"

"Ndiyo hiyo Ijumaa. Wageni hao hao na biriani hiyo hiyo. Kamaludin akatae sharti, Badawi aketi mahali pake."

Swabaha alimgeukia babake. Alitaka amsikie akikana. Maalim alikuwa akiutazama mkeka.

"Nilimuahidi ndugu yangu," alisema hatimaye. "Alikuwa kitandani, pumzi zinamwishia, amenishika mkono. Wewe ulikuwa na miaka tisa. Kisha ukaja ukampenda kijana huyu, nikashindwa kukwambia hapana. Kila nikifungua kinywa nashindwa. Nikasema, nitatafuta neno ambalo yeye mwenyewe atalikataa. Nilimjua. Angekata mkono wake kabla ya kuwagusa ndege wale."

"Ulitaka anikatae yeye."

"Nilitaka usinichukie mimi."

"Basi ulimjua Kamaludin," Swabaha alisema, "ila mimi hukunijua."

Maalim akafunika uso kwa viganja. Hakuna mtu aliyewahi kumwona Maalim Athmani akilia, na hata sasa Swabaha hakuwa na hakika.

"Badawi ajua kuwa simtaki?"

"Nimemwambia umeridhia."

"Sikuridhia. Sitaridhia."

"Swabaha, mwanangu, wageni wamealikwa nyumba kwa nyumba. Watu wa Lamu wako njiani. Niwaambie nini? Utaniaibisha mbele ya mji?"

Sauti yake ilikuwa ya kubembeleza, na hiyo ilikuwa mbaya kuliko ukali. Swabaha akajifunika tena, akatoka kwa mlango wa mbele, mchana kweupe.

*

Kamaludin alikuwa bado chumbani. Wale ndege alikuwa amewaweka kando, nyuso zikiangalia chini, na sasa alikuwa akifunga picha za miti na maua katika karatasi ya kaki: mkungu, mlangilangi, asmini, mkilua. Hizo hazikuguswa. Hazikuwa hata kumi na mbili.

"Nakwenda Nairobi na hizi," alisema kabla hajaulizwa. "Nitawaambia mwenyewe. Wakinifukuza, wanifukuze wakiniona."

"Nina neno. Nisikize, kisha nitaondoka."

Akamweleza yote, haraka haraka, bila kumpunguzia babake wala kujipunguzia mwenyewe. Badawi, ahadi ya marehemu, Ijumaa ile ile. Kamaludin alisikiza akiwa amesimama, kamba mkononi.

"Kwa hivyo hata ningewakata mimi..." alianza.

"Angetafuta lingine."

"Na wamekufa bure."

"Bure."

Kamaludin akaketi kitini, kichwa amekiegemeza ukutani. Kule chini Bi Mwanakuu akakohoa. Kisha Kamaludin akainuka, akaifunga kamba kwa fundo moja kali.

"Vaa vizuri buibui lako, tuondoke."

"Twende wapi?"

"Kwa Kadhi. Baba akimzuia binti bila sababu ya sheria, Kadhi anaozesha. Sasa hivi yuko. Mama atatusindikiza. Nairobi nitakwenda kesho."

Siku nyingine yoyote, maneno hayo yangemrusha Swabaha hadi darini. Ndiyo yaliyokuwa ombi lake la kila sala. Lakini Kamaludin aliyasema akitafuta kofia yake. Aliitafuta mezani, akaitafuta kwenye kiti, na ilikuwa kichwani mwake.

"Kamaludin, nitazame."

"Nakutazama."

"Unatazama kofia."

Akainua macho. Yalifika kwenye kidevu chake, kisha mkononi, kwenye vile vidole vyeusi. Yakakimbia.

"Nimesema nitakuoa," alisema. "Nimekuposa, sirudi nyuma. Mimi si mtu wa hivyo."

"Najua si mtu wa hivyo. Sikuuliza hilo. Ukinitazama wamwona nani?"

"Swabaha, muda unakwenda."

"Sema."

"Itapita."

"Sema!"

Alijipangusa uso kwa mkono. "Nawaona wao," alisema. "Nafungua macho nawaona wao. Nimejaribu tangu asubuhi."

"Basi nikishika kisu cha jikoni utageuka ukutani."

"Itapita, nimekwambia."

"Lini?"

"Sijui lini! Wataka nikudanganye?"

"La. Mmoja amenidanganya leo, yatosha."

Alitaka alie, hakupata. Alijihisi mkavu, kama mtu aliyelia tangu jana. Akapiga hesabu ya maisha yao wawili: mume mwema, atakayempa kila haki yake, atakayekula chakula chake na kusema ahsante, na asiyemtazama usoni. Miaka thelathini, pengine arobaini. Na watoto watauliza kwa nini baba hachori.

"Nakurudishia posa yako," alisema.

"Usifanye hivyo kwa hasira."

"Sina hasira. Ningekuwa nayo ningekufuata kwa Kadhi. Nenda na gari lako la jioni. Waambie aliyeziharibu alikuwa mkeo mtarajiwa, na hukumuoa."

"Na Badawi? Ijumaa babako atakuketisha kwa nguvu."

"Atamketisha nani, mbele ya nani?"

Alingoja kidogo, huenda Kamaludin angemshika mkono. Mkono wa Kamaludin ulibaki juu ya kifurushi cha maua.

Swabaha akashuka. Bi Mwanakuu alikuwa chini ya ngazi, akichagua mchele wa Ijumaa, na machozi yakimdondokea ndani ya ungo. Alikuwa amesikia yote.

"Bi Mwanakuu, waalishi wa harusi walianzia nyumba gani?"

"Kwa Bi Mahfudha, huo mlango wa kijani. Kwani, mwanangu?"

"Walipita zote?"

"Zote, hadi kule mwisho. Wataka nini, Swabaha? Bibi harusi hapiti milango ya watu!"

Alikuwa ameshatoka. Jua la alasiri lilikuwa kali kwenye kuta. Akasimama mbele ya mlango wa kijani, akabisha.

"Hodi!"

"Karibu! Nani?"

Bi Mahfudha alifungua, upawa mkononi. Swabaha akafunua uso wake wote, apate kujulikana.

"Mimi Swabaha binti Athmani. Nimekuja kuwaambia, Ijumaa msije."

"Subhanallah! Kuna msiba?"

"Hakuna msiba. Harusi haipo. Kamaludin hanioi, na mtu yeyote mkiambiwa ananioa siku hiyo, mjue mwenyewe sikuridhia. Waambie na wenzako."

"Mwanangu, ingia ndani unywe maji kwanza. Watu wanakuangalia!"

"Waacheni waangalie, Bi Mahfudha. Nina nyumba nyingi za kubisha mpaka magharibi."

Akaaga, akavuka ujia bila kujifunika, akabisha mlango wa pili.