Raba za Dada

Kila siku baada ya kipindi cha mwisho, mimi na Sindano tunasogeza madawati ukumbini, tunafungua meza ya tenisi na kukaza wavu. Sindano si jina lake, ila ni mwembamba, na akipiga mpira unachoma. Mimi wananiita Ukuta. Sipigi kwa nguvu. Narudisha tu, narudisha, mpaka mpinzani achoke akosee. Maneno pia sina mengi, kwa hiyo jina limenikaa.

Jumamosi ile tulikuwa tucheze mchezo wa wawili kwa wawili na shule ya jirani. Mwaka jana walitufunga, na pointi ya mwisho niliipoteza mimi. Tangu hapo nikajiambia tatizo ni raketi yangu. Raba zake, zile ngozi mbili zinazobandikwa kwenye mti wa raketi, zilikuwa za kujifunzia, za sponji nyembamba. Dada yangu alikuwa na nyingine kabisa. Enzi zake shuleni hakuna aliyemfunga. Sasa anasomea uuguzi, na raba zake mpya alizihifadhi kwenye boksi chini ya kitanda: sponji nene, na uso unaonata hadi mpira unaning'inia.

Jumapili iliyotangulia, mama alipotoka, nilizichukua bila kumwomba mtu. Nikabandua zangu, moja ikachanika pembeni, nikazificha ndani ya soksi. Mama ni fundi viatu, gundi haikosekani nyumbani. Nikaipaka bila huruma, nikabandika, nikaweka vitabu juu.

Kesho yake mpira wa kwanza niliugusa tu, ukaruka mpaka ubao wa matangazo. Wa pili ukatua kwenye kikombe cha chai cha mwalimu wa michezo.

"Ukuta umeota mabawa!" mmoja akapiga kelele. Ukumbi mzima ukaangua kicheko.

"Tuliza mkono," mwalimu alisema, akijifuta shati.

Nikatuliza. Wapi! Raba zile zilitaka mkono wa haraka unaozungusha mpira, na mimi nimezoea kuuzuia tu. Kila nilichogusa kilitoka nje. Jumanne nikajaribu kuzibandua nirudishe zangu, lakini gundi ya soli haina mchezo. Sponji ikaanza kutoka vipande vipande. Nikaacha hapo hapo. Dada angekuja Alhamisi kutoka chuoni.

Jumatano mwalimu aliniita pembeni. "Una nini wewe?"

"Mkono unauma," nikasema. Sijui hata neno lilitokea wapi.

Akanishika kiganja. "Hapa?"

"Ndiyo."

Akabonyeza karibu na kiwiko. "Na hapa?"

"Ndiyo, mwalimu."

Akaniangalia kidogo. "Ijumaa nitaamua. Kama bado, Sindano atacheza na mwingine."

Tulipofika kona ya kwao Sindano akaniuliza, "Mkono unauma, na jana umebeba ndoo mbili?" Kisha akaingia ndani.

Alhamisi nilipofika nyumbani, dada alikuwa ameshafika. Mama alikuwa mlangoni, anagonga kisigino cha kiatu.

"Mgonjwa wangu!" dada akasema. "Nimekutana na Sindano, kaniambia mkono unakuuma. Kaa hapa."

Alitoa bandeji yake ya chuoni, akaanza kunifunga polepole, huku anauliza, "Nimekaza sana? Vidole vinakufa ganzi?" Hakuna siku amewahi kunishika vizuri hivyo. Alipofika kwenye kiganja nikashindwa.

"Dada, mkono hauumi."

Nikaenda kuleta raketi. Aliigeuza upande mwekundu, upande mweusi, akapitisha kidole palipotoka vipande. Mama aliacha kugonga.

"Hizi nilikuwa naziweka kwa ajili ya timu ya chuo," dada alisema taratibu. "Ungeniomba, ningekuambia hazikufai." Akaiweka raketi mezani, akatoka uani. Heri angenigombeza.

Mama alizibandua kwa kisu chake cha ngozi. Zilitoka zimechanikachanika, hazifai tena. Zangu akazitoa kwenye soksi, akasawazisha ile iliyochanika, akapaka gundi nyembamba kama utando. "Na kesho mwalimu umwambie mwenyewe," alisema. "Mimi siendi."

Ijumaa nilisimama mbele ya mwalimu. Nilisema yote.

"Mkono unaouma kila ninapobonyeza huwa hauumi popote," alijibu. "Nilikuwa nakungoja. Utacheza. Ila leo ukumbi utaufagia peke yako, na mwenzako umwambie sasa hivi."

Sindano alinisikiliza, amenuna. Mwishoni akasema, "Mimi nataka Ukuta wangu. Huyo mwenye mabawa simjui."

Jumamosi tulifika seti ya tatu, ya mwisho, kumi kwa tisa, tunaongoza, imebaki pointi moja. Jasho lilinitiririka mpaka machoni. Wakapiga, nikarudisha. Wakapiga tena, Sindano akarudisha. Wakapiga kwa nguvu zaidi, nikaweka raketi tu, mpira ukarudi mdogo, mpole. Mpinzani akaukimbilia, akaupiga kwenye wavu. Sindano alinirukia tukaanguka wote.

Dada alikuwa mlangoni na mama. Sikujua angekuja.

"Umeona?" aliniambia. "Mimi mwenyewe nilicheza miaka mitatu na raba kama hizo zako. Kwanza ujue kuuweka mpira mezani, mwendo unakuja baadaye. Siku mkono ukiwa tayari, tutachagua pamoja."

"Na lingine," mama akadakia. "Kiatu kikubwa unaweza kukijazia vitambaa ukatembea. Uongo, mwanangu, hata ujaze nini, haukutoshi. Wewe mwenyewe umeona: ulianza na raba, ukafika mpaka kwenye mkono."

Dada akaninyooshea kiganja.

"Bandeji yangu. Wagonjwa wa kweli wanaisubiri."