Nyuzi Arobaini na Mbili

Kila asubuhi, kabla hata chai haijapita, ndoo zilianza safari katika wodi ya wanawake. Kila mgonjwa alikuwa na mtu wake wa kumchotea maji ya moto jikoni, nyuma ya wodi: dada, shangazi, mkwe, alimradi mtu. Kijiti hakuwa na mtu. Mama yake alikuwa nyumbani na mapacha wachanga, mwendo wa siku nzima kwa basi. Baba yake, dereva wa lori, alimpigia sista simu kila Jumapili kumuulizia. Basi.

Jina la Kijiti alipewa kwa wembamba wake. Alikuwa na miaka kumi na miwili, na kwa siku kumi alikuwa akioga maji ya bomba, mkono wake uliovunjika umefungwa mfuko wa plastiki. Jirani yake wa kitanda, bibi mmoja aliyeitwa Bibi Redio kwa vile hazimiki, alishamwambia mara chungu nzima kwamba binti yake anaweza kumchotea ndoo. Kijiti alijibu lile lile, kwamba amezoea. Saa ya kutazama wagonjwa, watu waliazima kiti chake cha mgeni, na yeye aligeukia ukutani akahesabu nyufa. Zilikuwa kumi na saba.

Jumatano ilikuwa siku yake ya upasuaji. Mfupa ulikuwa umeunga upande, ikabidi unyooshwe na kutiwa chuma. Daktari wa upasuaji alikuja Jumatano tu. Ukimkosa, unamngoja wiki nzima. Sista alikuwa amemwambia aoge maji ya moto, kisha ajifunike vizuri. Kijiti aliitikia. Lakini ndoo ya maji ya moto ilitaka mtu wa kuichota. Asubuhi hiyo, mvua ikinyesha, akasimama bombani, akajisugua mpaka kichwa ili awe safi kweli kweli. Alirudi kitandani meno yakigongana kama cherehani.

Sista akaja na kipimajoto. Akamuuliza kama anasikia baridi, Kijiti akatikisa kichwa. Akamwekea kwapani, akamwambia kwamba chini ya nyuzi thelathini na sita haingii mtu, kisha akaitwa kitanda cha pili. Kijiti akachungulia. Thelathini na tano na kidogo.

Wiki nyingine. Wiki nyingine ya nyufa kumi na saba.

Bibi Redio alikuwa ametoka kwenda msalani, na chai yake ilikuwa ikifuka moshi mezani. Kijiti akakibonyeza kile kipimajoto kianze upya, akatumbukiza ncha kikombeni, akaifuta haraka kwa shuka, akakirudisha kwapani.

Sista akarudi, akasoma, akamtazama Kijiti, akasoma tena.

"Arobaini na mbili," akasema taratibu. "Mwanangu, mwenye joto hili hawezi kukaa ananikodolea macho hivyo. Halafu tangu lini kwapa la mtu likanukia chai?"

Wodi ikaangua kicheko. Kijiti akajifunika uso kwa mkono wake mzima.

"Usiniahirishe, Sista," akasema. "Sina mtu hapa."

Sista hakucheka. Akavuta kile kiti cha mgeni, akakaa. Ni yeye wa kwanza kukikalia kwa ajili ya Kijiti. Akamgusa miguu, ilikuwa kama imetoka kwenye friji. Akamweleza kwamba chumba cha upasuaji kina baridi, na dawa ya usingizi inaufanya mwili ushindwe kulinda joto lake. Anayeingia amepoa huzidi kupoa. Damu inachelewa kuganda, kidonda kinachelewa kupona, vijidudu vinapata nafasi.

"Chai ingekuwa imepoa kidogo, tungeiamini namba yake," akasema, "na wewe ndiye ungeumia."

Akaenda kuongea na daktari. Mgonjwa mwingine akatangulizwa, Kijiti akawekwa wa mwisho. Ikaletwa mashine ya kupuliza hewa ya moto ndani ya blanketi maalumu, blanketi likatuna kama mto. Bibi Redio aliporudi na kusikia habari za chai yake, alivua soksi zake mwenyewe.

"Vaa," akasema. "Umezoea, umezoea. Nani anazoea baridi?"

Baada ya saa moja na nusu, kipimajoto kilisoma thelathini na sita na nusu, bila chai. Katika chumba cha upasuaji, daktari wa usingizi akamuuliza kama anasikia baridi. Neno lile la kuzoea likamjia mdomoni, akalimeza.

"Ndiyo," akasema. "Mabegani."

Wakamwongezea blanketi.

Alipozinduka ilikuwa saa ya wageni. Mama hakuwepo, na hilo liliuma kuliko mkono. Mtu akanyoosha mkono achukue kile kiti, Bibi Redio akamkata jicho. "Hicho kina mwenyewe."

Zamu ilipoisha sista akaja akakikalia. "Ukiulizwa unajisikiaje, sema ukweli, hata kama utakuchelewesha," akamwambia. "Sisi tunatibu kile tunachokijua. Na kuomba msaada si aibu, mwanangu."

Asubuhi ndoo zikaanza safari. Kijiti akautazama ukuta kitambo, kisha akageuka.

"Bibi," akaita kwa sauti ndogo, "naomba dada anichotee na mimi."

Bibi Redio akafungua mdomo, akamwita binti yake kwa sauti iliyofika mpaka jikoni.