Bushi Nane za Fundi Kaingu

Karai lilikuwa tupu.

"Zilikuwa humu," alisema Fundi Kaingu kwa mara ya nne, mikono yenye pingu ikielekea mezani. "Bushi nane, Inspekta. Nimezikereza siku tano. Nikazipaka grisi, nikaziweka karaini. Kugeuka, hakuna."

Inspekta Mumbua alichungulia karai kana kwamba bushi zingemwonea haya zijitokeze.

"Mfungue pingu," alimwambia Konstebo Dena. "Atakimbilia wapi, na mashine yake haibebeki?"

Ilikuwa Jumamosi asubuhi, mwaka 1986, katika karakana nyuma ya soko la Malindi. Wizi ulitokea Alhamisi, saa nne hivi asubuhi. Ijumaa mwenye kazi, Jaafar, mfanyabiashara wa mchele na sukari, aliandikisha taarifa kituoni kwamba fundi amemuuzia mtu mwingine bushi zake. Sajini wa zamu, bwana asiyependa kujisumbua kufikiri, akamtia Kaingu seli. Jumatatu angefikishwa mbele ya hakimu.

Na mji ule habari zake hazina breki. Wateja wawili walikuwa wameshakuja kuchukua vyuma vyao. Fundi akishaitwa mwizi, nani atamwachia gari? Kaingu alilijua hilo, na uso ulikuwa umemsawijika kwa siku moja tu.

"Bushi hizi kazi yake nini?" aliuliza Mumbua. "Nieleze kama mtu asiyejua gari."

"Jaafar kaifungia Land Cruiser yake magurudumu makubwa, apite matope ya Magarini wakati wa mvua. Sasa magurudumu yanasugua bodi. Dawa yake ni kuinua bodi inchi mbili juu ya chasisi. Kila penye bolti unaweka bushi ya chuma katikati, na bolti yenyewe unairefusha. Dukani haziuzwi. Mpaka zikerezwe."

"Kereza nyingine, basi."

"Chuma chenyewe kilikuwa ekseli ya trekta bovu. Kimekwisha."

Mumbua alipitisha macho mezani. Palikuwa na keekee, tupa, na fungu la shaba.

"Shaba hii ya nani?"

"Yangu."

"Ina bei kuliko bushi?"

"Mara kumi."

"Na zile bolti ndefu?"

"Zile pale. Hazikuguswa."

Mumbua alimgeukia Dena. "Mwizi gani anaacha shaba, akachukua bushi zinazofaa gari moja tu?"

"Mwizi mjinga, afande."

"Au mtu asiyetaka gari hilo liinuliwe."

Walivuka kwenda kwa Baya, makanika wa jirani, ambaye kila mtu alijua hapatani na Kaingu.

"Alhamisi saa nne ulikuwa wapi?"

"Chini ya lori. Mwenye lori alinisimamia tangu asubuhi hadi adhuhuri, akinihimiza. Kamuulizeni."

"Ulimwona nani akiingia kwa Kaingu?"

"Sikuona mtu." Baya alipangusa mikono, akainamisha kichwa. "Inspekta, mimi na Kaingu hatuchekeani. Lakini mwizi si yeye. Andika hivyo."

Dena aliandika. Mwenye lori naye alithibitisha. Wakarudi karakana.

"Nani aliingia humu Alhamisi?"

"Hakuna mtu," alisema Kaingu. "Nilikuwa nachomelea geti, kinyago usoni, mgongo nimeupa mlango."

"Hata mmoja?"

"Hata mmoja. Mulungu ananiona."

Juu ya rafu palikuwa na sahani ya mahamri ya juzi, yamekauka. Mumbua alilishika moja, akalirudisha.

"Na haya yamekuja kwa miguu yao?"

"Hayo kaleta mama yake Jaafar, Bi Mwanasiti. Mama mwema sana. Aliniambia nisijisumbue, niendelee na kazi, atayaweka mwenyewe."

"Umesema hakuingia mtu."

"Mtu hakuingia, Inspekta," alisema Kaingu akishangaa. "Yule ni mama."

Dena alijikohoza kuficha kicheko. Mumbua hakuficha chake. Alimwomba fundi arudi seli akavumilie kidogo, kisha akaufuata mji wa kale.

Jaafar aliwapokea barazani na kahawa. Mambo ya Dena yaliishia hapo, kwa kuwa mwanamume mgeni hapiti ukumbi wa watu. Mumbua, mwanamke, alipiga hodi, akavua viatu, akaingia ndani. Sajini angeweza kupeleleza mwaka mzima asifike pale.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu. Karibu. Niwie radhi siinuki."

Bi Mwanasiti alikuwa amejilaza kitandani, na mkaza mwanawe, Hindu, akimkanda bega kwa mafuta ya nazi.

"Pole, mama. Umeanguka?"

"Limenishika tu. Tangu Alhamisi. Ndio uzee."

Mgeni hahojiwi akiwa na njaa wala hahoji akiwa na njaa, si katika nyumba ile. Hindu alileta wali, samaki wa kupaka, na kibakuli cha achari ya ndimu. Mumbua, Mkamba aliyekaa pwani miaka mitatu, alikuwa na udhaifu mmoja tu uliojulikana kituo kizima, nao ni achari. Alichota kijiko kizima. Akatafuna. Akaacha kutafuna.

"Achari hii ya lini?"

"Ya mwezi uliopita," alisema Hindu. "Ya chini imekwisha. Nimekufungulia mtungi wa darini, ule mzuri."

Bi Mwanasiti aliinuka kitandani, bega limesahaulika. "Nani kakwambia uuguse mtungi ule?"

"Mgeni, mama. Tungempa nini?"

Mumbua aliiweka ndimu kando ya sahani. Ilikuwa imeingia weusi. "Mama, achari yako ina grisi."

Hindu alimtazama mkwewe, kisha akautazama mlango wa darini.

"Bushi nane zapata kilo tano," alisema Mumbua taratibu. "Bega litaachaje kuuma?"

"Bushi! Mimi na magari wapi na wapi?"

"Ulikwenda na kikapu cha mahamri. Ulirudi na nini?"

"Na kikapu changu."

"Mama, unajua kama Fundi Kaingu yuko seli?"

Bi Mwanasiti aliduwaa. "Nani yuko seli?"

"Kaingu. Tangu jana. Mwanao amemshitaki."

"Jaafar kaniambia fundi kasafiri." Alijishika kichwa. "Ya Rabi. Nimemfungisha mtoto wa watu."

Alilia kwa uchungu, kisha akajifuta kwa ncha ya leso, akasema bila kuulizwa tena.

"Ni mimi. Tangu yafungwe magurudumu yale, siwezi kulipanda gari. Ijumaa ya wiki iliyopita, mbele ya msikiti, vijana wawili walinishika huku na huku wakaniinua, buibui likanaswa mlangoni, watu wakacheka. Mimi niliyembeba Jaafar miezi tisa, leo nabebwa kama gunia la sukari. Halafu nasikia gari litaongezwa inchi mbili. Nikasema, la. Kisichokuwapo hakifungwi. Fundi alikuwa amejifunika uso, nikazitia kikapuni. Nilijua atakereza nyingine, na siku zitapita."

Hindu alishusha mtungi, akatumbukiza mkono hadi kiwiko. Moja. Mbili. Ya nane ilipotoka, naye alikuwa anacheka huku machozi yakimtoka.

Jaafar aliitwa. Alizitazama bushi zilizojipanga kwenye sinia, zikinuka siki na pilipili.

"Mama, ungeniambia."

"Nilikuambia. Ukacheka, ukasema nitazoea."

Jaafar alikosa pa kuweka macho yake. "Nakwenda kuifuta kesi sasa hivi," alisema. "Nitamwona sajini kwa faragha, fundi atolewe kimyakimya."

"Ulimfungisha mchana watu wakiona," alisema mama yake, akilivaa buibui, "umtoe kwa kificho? Litoe gari. Nakwenda mwenyewe."

Inspekta Mumbua alikuwa na mashitaka mkononi na mshitakiwa mbele yake, na aliamua kwamba hayo yanaweza kungoja.

Jumamosi ile mbele ya kituo palikuwa na watu wa sokoni, wauza mapera, waendesha baiskeli. Land Cruiser ilisimama katikati yao. Jaafar na Dena walimshika Bi Mwanasiti huku na huku, wakamteremsha, buibui likanaswa tena. Mtu mmoja alicheka. Safari hii bibi hakujali. Alisimama palepale hadi Kaingu alipotolewa mlangoni.

"Nisikizeni," alisema, na sauti yake ilifika sokoni. "Mimi ni Mwanasiti, mama yake Jaafar. Bushi nimeziiba mimi. Huyu hakuiba hata msumari. Atakayemwita mwizi, aje aniite mimi kwanza."

Kaingu aliinamisha kichwa mbele yake.

"Nimekusamehe, mama," alisema. "Kabisa."

"Fundi," aliita mmoja wa wateja wawili waliokuwa wamechukua vyuma vyao, akijipenyeza mbele, "ile shafti yangu nikuletee leo au Jumatatu?"

"Lete Jumatatu," alisema Kaingu. Aliokota kreti tupu ya soda, akaiweka chini ya mlango wa gari, akarudi nyuma. "Mama, kimo hiki kiko sawa, au nipunguze?"

Bi Mwanasiti alikanyaga kreti, akajipima, akapanda mwenyewe hadi kitini bila kushikwa na mtu.

"Punguza kidole kimoja," alisema, kisha akamgeukia mwanawe. "Kipago cha kupandia kwanza, Jaafar. Bushi baadaye."