Bandeji Isiyoganda

Bibi alikuwa mshonaji, na cherehani yake ilikuwa ya kukanyaga. Tangu ajigonge muundi kwenye kona ya kitanda, cherehani ilikaa kimya. Mwanzoni kidonda kilikuwa kidogo. Akakipuuza, nacho kikamtia adabu. Sasa alishinda kitini, mguu ameuweka juu ya stuli, akichungulia dirishani na kukosoa mshono wa kila gauni lililopita barabarani. Mguu ulikuwa mgonjwa, lakini ulimi ulikuwa na afya tele.

Aliyekuwa akimsafisha kidonda ni muuguzi wa zahanati, jirani yao wa ukuta mmoja. Mtaa mzima ulimwita Nesi. Siku moja Nesi alikuwa na zamu ndefu, hakuweza kuja. Mjukuu wa Bibi, binti aliyeishi naye, akasema asihangaike, yeye yupo.

Mjukuu alikuwa anasomea uuguzi. Chuoni kwao walifundishwa kwa miwani mikubwa inayofunika macho yote. Ukiivaa, huoni tena chumba ulichomo. Unajiona umesimama wodini. Kuna vitanda, kuna wagonjwa, kuna meza ya vifaa. Ukigeuka nyuma unaona mlango, ukinyoosha mkono unashika bandeji. Yote ni picha zilizotengenezwa na kompyuta. Walimu waliuita ulimwengu pepe. Katika wodi hiyo mjukuu hakuwa na mpinzani. Alama zake zilikuwa juu kuliko za darasa zima, na nyumbani walisimuliwa habari hizo mpaka wakachoka.

"Leo utahudumiwa na bingwa, Bibi," alisema.

"Haya, mke mwenzangu. Tuone hayo mambo."

Mjukuu alinawa mikono kwa sabuni. Akapanga vifaa juu ya kitambaa safi, kila kimoja mahali pake. Akavaa glavu. Bibi alimtazama, roho yake ikasuuzika. Kisha mjukuu akashika ncha ya bandeji, akaivuta mara moja, kavu kavu.

Bibi aliona nyota mchana. Bandeji ilikuwa imeganda kwenye kidonda. Ikatoka na nyama changa iliyokuwa imeanza kuota, na damu ikatoka.

"Kule haigandi," mjukuu alisema kwa sauti ndogo.

Bibi alikuwa na uchungu, na maneno yakamponyoka. Alimwambia aende akawatibu hao watu wake wa kwenye miwani. Mguu wake asiuguse tena. Mjukuu alikandamiza kidonda mpaka damu ikakata, akakifunika vizuri. Halafu akaingia chumbani na kufunga mlango.

Jioni Nesi alipita. Alikitazama kidonda, akasema hakijaharibika, kimerudi nyuma kidogo tu. Lakini alikuwa na habari nyingine. Mama wa binti huyo, msusi wa nywele, alikuwa amemnong'oneza mlangoni. Jumatatu wanafunzi wangeanza mazoezi katika wodi ya kweli, na binti amesema haendi. Anaacha uuguzi.

Maneno yake mwenyewe yalimrudia Bibi, akajisikia vibaya sana. Mtu akijisikia vibaya hutafuta wa kulaumiwa, naye akaipata miwani.

"Watoto wanachezeshwa michezo ya kompyuta, halafu tunaambiwa ni wauguzi."

Nesi hakubishana naye. Aliuliza tu, "Bibi, alipokiona kidonda, alitetemeka?"

Bibi alifikiri. Huyu ndiye mtoto aliyekuwa akikimbilia uani kwa jirani kila kuku akichinjwa.

"Hapana," alikiri. "Hata mkono haukucheza."

"Hiyo ni kazi ya miwani. Amekwisha kuona damu humo mpaka ameizoea. Amekosea mara nyingi na hakuna aliyeumia. Mimi wakati wangu nilikosea juu ya watu, Bibi. Wengine mpaka leo nikikutana nao naona aibu."

Nesi akamwita binti. Alitoka, macho yamemvimba. Nesi akamwomba alete ile miwani, kwani chuo kilimwazima ajifunzie nyumbani. Wakamvisha Bibi palepale kitini.

Bibi alishtuka kidogo, kisha akamwona mgonjwa amelala mbele yake. Akamwamkua, mgonjwa asijibu. Akampa pole, kimya. Akanyoosha mkono na kuivuta bandeji, nayo ikatoka bila shida yoyote, mgonjwa akiwa anatazama dari.

"Huyu mtu hajui hata kusema anaumia," Bibi alisema. "Hana adabu, na salamu haitiki."

Binti akacheka bila kutaka. Punde Bibi akaanza kuona kizunguzungu, wakamvua. Nesi akaeleza kwamba hilo nalo ni la kawaida. Wengine huumwa kichwa, macho huchoka, kwa hiyo ni vizuri kuivaa kwa muda mfupi na kupumzika. Tena vifaa hivyo ni ghali, na umeme ukikatika, somo nalo limekatika.

Kisha akamgeukia binti.

"Miwani imekufundisha utaratibu, na umeushika vizuri kuliko mimi nilipokuwa na umri wako. Lakini vidole vyako havijafundishwa bado. Mle ndani hakuna uzito, hakuna harufu, hakuna mtu wa kukunja uso. Umejifunza nusu, ukadhani umemaliza. Hiyo nusu nyingine utajifunza kwetu sisi wenye kuumia."

Akamwonyesha. Bandeji ikiganda, ilowanishe kwa maji ya chumvi yaliyotoka zahanati. Subiri ilainike. Ivute polepole, ukiilaza karibu na ngozi. Muulize mgonjwa, na umtazame. Nesi akapaka mkono wake uji mzito wa unga, akaufunga bandeji, akaacha ikauke. Binti akaifungua. Mara ya kwanza Nesi alitoa machozi. Mama naye akatoa mkono wake, akasema nywele zote zikitoka angalau atapumzika kunyoa. Walifanya hivyo mpaka unga wa nyumba nzima ukaisha.

Siku ya kubadilisha bandeji ilipofika, ilikuwa Jumapili. Nesi alikuja na mkoba wake. Binti alisimama mlangoni, hasogei. Nesi hakufungua mkoba.

Bibi alikuwa na hofu, na hofu yake ilikuwa ya haki. Aliyakumbuka maumivu yale vizuri mno. Lakini alimtazama yule mtoto pale mlangoni, akaona kwamba akisema neno moja tu vibaya, binti huyu hataingia wodi yoyote maisha yake yote.

"Njoo, mke mwenzangu," alisema. "Juzi nilikukosea. Njoo ufanye kazi."

Binti alinawa, akapanga vifaa vyake, akavaa glavu. Akailowanisha bandeji, akasubiri. Akauliza kama maji ni ya baridi mno. Akaanza kuivuta, polepole. Bibi aliuma meno. Alikuwa ameapa moyoni hatatoa sauti, asije akamvunja moyo.

Katikati binti akasimama.

"Hapo panauma."

"Nimesema kitu mimi?"

"Hujasema, Bibi. Vidole vya mguu vimejikunja."

Akaongeza maji, akasubiri tena mpaka vidole vikalegea. Bandeji ikatoka. Nyama changa ilibaki mahali pake, nyekundu na safi. Bibi aligeukia dirishani, kwa sababu machozi yalikuwa yanamtoka na hayakuwa ya maumivu.

Jumatatu binti alikwenda wodini na wenzake. Miwani hakuiacha. Kila walipofundishwa jambo jipya, alilifanya kwanza mle ndani, akakosea mpaka akachoka kukosea. Kisha alilijaribu kwa mikono, mwalimu akiwa kando yake. Jioni alirudi na kumhudumia Bibi, na kidonda kikaanza kufunga.

Siku moja Nesi alipita na mkoba wake kuuliza kama anahitajika. Bibi alimjibu bila kuinuka kitini.

"Karibu usalimie, mwanangu. Mimi nina muuguzi wangu."