Mkeka Uliokataa Kwisha

Sinapati alitoka ufukweni na mzigo wa majani ya mkadi, akikimbiza muda kabla baragumu la sala ya jioni halijalia. Likilia, kijiji kizima huingia ndani, na anayebaki nje anajitakia makubwa.

Alipofika kwenye kibanda chake cha kusukia, pindo la mkeka wake lilikuwa limefumuliwa.

Tena.

Mara ya tatu hiyo! Na Ijumaa akina mama wa kamati ya kijiji wangepita kukagua mikeka. Mkeka wa kwanza kukubaliwa ungemfungulia njia ya duka la mikeka alilolitamani tangu usichana. Ana miaka arobaini, hajawahi kumaliza hata mmoja. Mara mgongo, mara mvua, mara majani mabovu.

"Ni aitu, pepo wa saa ya magharibi," alinong'ona shangazi yake, Fuatino. "Au jirani mwenye kijicho."

"Awe nani, nitamkamata."

Kesho yake alisuka pindo upya, akalipaka unga wa manjano kwa chini, akanawa mikono. Baragumu likalia. Walipiga magoti ndani, shangazi akamshika mikono yote miwili.

Kwaru...

Kwaru... kwaru...

"Shangazi, kuna mtu kibandani."

"Sali wewe!"

Ilipotamkwa tu amina ya mwisho, walikimbia. Pindo halipo. Mtu hayupo. Shangazi akainua taa.

"Sinapati... mikono yako."

Ilikuwa ya njano mpaka kwenye kucha.

"Lakini ulinishika!"

"Nilikushika, mwanangu." "Mama yako naye hakumaliza hata mkeka mmoja. Tulimcheka, tukamwita mvivu."

Sinapati alilia kwa uchungu. "Naogopa wakiuona."

"Wataona nini, we mjinga?"

"Kwamba uwezo wangu wote ndio huo."

Alhamisi alisuka tena, akalikata jani la mwisho kwa meno. Jioni waliutandika mkeka, wakapiga magoti juu yake, mikono yao imefungwa pamoja kwa kitambaa kigumu cha shangazi.

Kwaru... Sasa ilikuwa karibu. Palinuka majani mabichi. Vidole vya Sinapati vilianza kuchezacheza vyenyewe.

"Utaonekana hivyo hivyo," aliuambia mkeka kwa sauti. "Na upogo wako. Hivyo hivyo!"

Mkwaruzo ukakoma.

Asubuhi kamati ilikuja. Mama mmoja aliguna kwamba pindo limekwenda upande. Wakaucheka kidogo, wakaukubali, wakaukunja, wakaondoka nao. Sinapati alibaki mlangoni, moyo ukimdunda kwa furaha.

Ndipo shangazi akamwonyesha kitambaa cha jana. Kilikuwa kimefumuliwa chote, uzi mmoja mmoja, na kila uzi ni wa njano.

"Tulikifungua saa ngapi?" aliuliza Sinapati.

"Hatukukifungua."

Sinapati alikiweka kando. Kisha akavuta majani mapya, akaanza mkeka wa pili. Hakuwa na hakika kama mikono yote miwili ni yake.